Mwanangu, ya sita imegawanyika

Mwanangu mpenzi,

Karatasi uliyoniachia mezani nimeisoma mara tatu. Unazidisha namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, kwa mpangilio wake kuanzia 2, unaongeza moja, unapata 3, 7, 31, 211, 2,311. Zote tano ni tasa. Chini yake ukaandika kwa herufi kubwa: "ITAKUWA HIVI DAIMA."

Nilitamani iwe kweli. Nikachukua kalamu nikaendelea na ya sita: 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 ni 30,030, ongeza moja, 30,031. Kuigawa kwa 2, 3, 5, 7, 11 au 13 ni kujisumbua bure, kwa sababu ile moja uliyoongeza itabaki kila safari. Nikaanzia 17, ikabaki 9. Kwa 19, ikabaki 11. Kwa 23, 16. Kwa 29, 16 tena! Nikadhani nimekosea, nikarudia. Ni 16 kweli. Nikapita 31, 37, 41, 43, 47. Kwa 53 ikabaki 33, na moyo wangu ulishaanza kukushangilia. Kisha 59. Mara 509, haibaki kitu.

Tafadhali usiichane karatasi. Hapo ilipokatikia ndipo penye utamu. Zitazame hizo 59 na 509: hazimo kwenye orodha uliyozidisha, wala haziwezi kuwamo. Kila namba kamili inayozidi moja ama ni tasa yenyewe, ama inagawanyika kwa tasa fulani. Na zile za orodha yako zote zinaacha moja. Basi hata orodha iwe ndefu namna gani, ipo tasa nyingine nje yake. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, aliliona hili yapata mwaka 300 KK. Hakusema kwamba jibu lenyewe litakuwa tasa, ingawa wengi humsingizia hivyo.

Na mfuatano wako haujafa. Baada ya 2,311 tasa inakuja tena ukishazidisha mpaka 31: ni 200,560,490,131. Kama tasa za namna hiyo zina mwisho au hazina, mpaka leo hakuna aliyethibitisha.

Ya saba ni 510,511. Sijaigawa, nimekuachia wewe. Kwa nini tunairuka 17, sasa unajua. Anza na 19.

Mama yako