Kuvunja mpango wa masafa kusifanywe kosa la faini

Mhariri,

Miongoni mwetu wapenzi wa redio ya ridhaa, tunaowasiliana hewani kwa kujifurahisha na si kwa biashara, huku Nakuru na Kisumu, wapo wanaotaka Mamlaka ya Mawasiliano imtoze faini kila mwenye leseni anayekiuka mpango wa masafa. Hasira yao naielewa. Dawa yao siitaki.

Mpango huo hutungwa na IARU, muungano wa wanaredio wa dunia ulioanzishwa Paris mwaka 1925. Katika mgawanyo wake wa dunia, sisi tuko Kanda ya 1 pamoja na Ulaya. Serikali hutupa bendi, yaani vipande vya masafa. Nani akae wapi ndani yake, Morse (herufi kwa milio mifupi na mirefu) huku, sauti kule, tumekubaliana wenyewe. Zamu ya bodaboda stejini nayo haimo katika sheria ya trafiki, ila anayebeba abiria kabla ya zamu yake atajua hajui.

Chukua megahezi 14.100. Hapo vituo 18 vilivyotapakaa duniani, vya kutuonyesha mawimbi yanafika wapi, hupokezana, kila kimoja sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. Cha Kenya ni 5Z4B. Kituo hutaja jina lake kwa Morse, kisha hutoa milio minne: wa kwanza kwa wati 100, halafu 10, halafu 1, na wa mwisho sehemu ya kumi ya wati. Ukiunasa huo wa mwisho kutoka ng'ambo ukiwa Milimani, jua anga imefunguka kwelikweli. Sasa anakuja jamaa, redio inamwonyesha 14.098, hasikii kitu, anaanza kupiga gumzo. Sauti yake huenea hewani hadi takriban kilohezi 2.7 juu ya nambari hiyo, hata kuipita 14.100, na vituo vyote 18 vinafunikwa bila yeye kujua. Huyo mnamtoza faini ya nini? Anahitaji kuelezwa, basi.

Tena mambo hubadilika. FT8, njia ya kutumiana ujumbe mfupi kwa kompyuta, ilizaliwa 2017 na punde ikajaza megahezi 7.074. Mpango hurekebishwa kwa kura ya vyama mkutanoni. Ungekuwa sheria, tungekaa tukisubiri Gazeti Rasmi la Serikali.

Mkorofi ni habari nyingine. Kuvuruga mawasiliano ya wengine kwa makusudi kumekwisha kukatazwa na kanuni za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, uwe ndani ya mpango au nje. Anayeng'ang'ania 7.110, masafa ya dharura ya Kanda yetu, wakati Nzoia imefurika Budalang'i na watu wanaomba msaada hapo, ashtakiwe kwa uvurugaji huo.

Mamlaka naiomba jambo dogo: kila leseni itoke na jedwali la mpango. Nanyi mnaolalamika kila jioni, mkimkuta mtu pasipo pake, mwiteni kwa alama yake ya wito, kwa upole. Wengi huhama papo hapo. Akikaidi na kuendelea kuwavuruga wengine, rekodini sauti, andikeni tarehe, saa na masafa, mpeleke kwa Mamlaka.

Mwanaredio,
Nakuru