Barua kwa Wazazi: Mwisho wa Muhula wa Pili

Ofisi ya Mwalimu Mkuu
Busia, Uganda

Wapendwa wazazi na walezi,

Salaam. Muhula umekwisha, na watoto wanarudi nyumbani na ripoti zao. Zisomeni mkiwa nao. Kuhusu karo, wenye salio wamwone mhasibu kabla ya shule kufunguliwa.

Hasa nawaandikia juu ya chemchemi mnayoteka maji, na kazi ambayo wanafunzi wamekuwa wakiifanya pale kama sehemu ya masomo. Baadhi yenu mmenifuata mkiuliza, na mzazi mmoja hakuficha hasira: amelipa karo mtoto asome, si achimbe mitaro. Swali ni la haki. Wengi wetu tulipokuwa wanafunzi, jembe lilikuwa adhabu, au njia ya kulima shamba la mwalimu. Sitaki kuturudisha huko.

Mtaro kweli wamechimba, ili maji ya mvua yasisukume uchafu hadi pale mnapoteka. Lakini kabla ya jembe kulikuwa na saa na daftari. Kidato cha pili walipima jerikani ya lita 20 inajaa kwa muda gani, asubuhi na jioni, wakapiga hesabu ya lita kwa dakika, wakachora grafu. Waliwahoji akina mama kwenye foleni kwa Kisamia na Kiteso, kisha wakaandika taarifa kwa Kiswahili. Watoro wangu wa kila siku ndio waliotangulia getini. Kama waliipenda hesabu au walipenda tu kutoka nje, sikuuliza.

Grafu ilionyesha maji yanapungua. Kwa nini? Mwalimu wa jiografia akawapandisha hadi kwenye kinamasi kinacholimwa mpunga. Kinamasi hufyonza mvua na kuiachia polepole; kikikatwa mifereji na kukaushwa, maji hukimbia yote kwa mkupuo. Vijana wakataka kuandika barua ya kuwalaumu wakulima. Tukawazuia: wakulima wenyewe ni ninyi, na karo ya baadhi ya vijana hao inatoka kwenye mpunga huohuo. Wakatumwa kwanza wakasikilize. Walirudi wamepoa, na taarifa yao ikawa bora zaidi: sasa inaomba ukanda wa mafunjo uachwe kando ya mkondo, bila kumfukuza mtu shambani. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ameipokea. Atakachofanya nayo tutakiona.

Wanaofahamu bulungi bwansi ya Buganda, ile kazi ya pamoja kwa manufaa ya jamii, watasema hili si geni. Ni kweli, ila hapa kila kazi inatokana na somo, na baada yake mwanafunzi anaandika alichoona na kilichomshangaza. Mtaala wa sekondari ulioanza mwaka 2020 pia unataka miradi ya namna hii, na asilimia 20 ya alama za kidato cha nne hutokana na kazi za shuleni. 80 zilizobaki ni za mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Kwa hiyo anayeogopa mtoto atapoteza alama, aangalie upande huo pia.

Muhula wa tatu tutaendelea, mchana tu, na walimu wakiwa pamoja nao. Kidato cha nne hawatahusika, wana mtihani. Hatuombi pesa. Mwenye gambuti kuukuu atuletee, na mkulima wa bondeni aliye tayari kuzungumza na darasa atakaribishwa.

Tieni saini kipande cha chini kama mnakubali mtoto ashiriki, ndiyo au hapana, mtoto akirudishe siku ya kufungua. Mwenye hapana aandike na sababu, nitamwita tuongee.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu