Mswahili wa Sachsenhausen na majina yetu

Mhariri,

Juzi barazani kwetu Kibokoni, kahawa yazunguka, jamaa mmoja katoa neno ati Mayahudi waliouliwa na Hitler ni rahisi kuwatafuta manake Wajerumani waliandika kila kitu. Si hivo kabisa, na nimeona bora niandike kuliko kugombana na watu bure.

Karatasi zipo, tena nyingi, pale Bad Arolsen Ujerumani kuna hifadhi yenye habari za watu kama milioni 17.5, waweza kutafuta kwa simu yako na hulipi hata ndururu. Lakini kambi ya mauaji ya Auschwitz, kule Poland, walipelekwa watu kama milioni 1.3 na walioandikishwa wakapewa namba ni kama laki 4 tu. Wengi wa waliobaki, Mayahudi, kina mama na watoto wao na wazee, walishuka kwenye treni wakapelekwa kwenye gesi moja kwa moja, kambini hawakuandikwa popote. Kwa hivo mjukuu amtafutae bibi yake inabidi arudi nyuma, aangalie orodha ya treni zilizotoka kambi za kukusanyia watu, kama Drancy kule Ufaransa ama Westerbork Uholanzi, aona jina, aona tarehe ya safari, basi, njia yaishia hapo. Kaburi hakuna, na siku ya kufa ni ya kukisia.

Halafu nikawaambia kuna Mswahili alofia kambi hizo hizo za Hitler, wakanyamaza. Si Myahudi huyu, ni Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam 1904, aliingizwa jeshi la Mjarumani vita vya kwanza akiwa mtoto, na 1929 akaenda Berlin kudai mshahara wake na wa babake (hakupewa, kama ujuavyo serikali). Akawa weita, akaigiza filamu, akafunza Kiswahili chuoni. 1941 wakamshika kwa ajili ya mapenzi na mwanamke wa kizungu, hakuna kesi hakuna nini, wakamtia kambi ya Sachsenhausen karibu na Berlin, akafa 24 Novemba 1944. Leo ana jiwe dogo la ukumbusho lenye jina lake kwenye njia moja ya Berlin.

Sasa nenda kwenye ile sanamu ya askari hapa kwetu Kenyatta Avenue, ya kuwakumbuka Waafrika wa vita vya kwanza, utafute jina la mtu. Hulioni.

Ombi langu gazeti litoe nafasi hata ya robo ukurasa, watu walete majina ya kina babu waliochukuliwa kubeba mizigo ya vita wasirudi. Mie ninae mmoja, babu yake mamangu, alitolewa Kisauni 1917. Jina lake nimeliambatanisha na barua hii.

Msomaji wenu,
Kibokoni, Mombasa