Tangi limeachia mshono, samaki wako kwenye beseni: nibadilishe nusu ya maji au nivute subira?

Ndugu Mhariri, salaam.

Naomba ushauri wa wasomaji wanaofuga samaki wa mapambo, hasa waliowahi kuwaweka kwenye chombo cha dharura kwa zaidi ya siku mbili tatu.

Tangi la lita 128 limeachia mshono wa silikoni upande wa chini. Samaki ni gapi 12, koridorasi 6 na gurami mmoja. Wamo kwenye beseni la plastiki lenye lita 60 za maji ya tangi la zamani, na leo ni siku ya nne. Juu kuna wavu, maana gapi wakibanwa huruka. Hita ya wati 50 imelazwa juu ya kigae ili isiguse plastiki, na maji yako nyuzi 25.

Tangi la kuchukua nafasi yake ni la mitumba, sentimita 60 kwa 40 kwa 40. Silikoni ya ndani imekwanguliwa yote, kwa sababu mpya haishiki juu ya ya zamani, kisha ikapakwa nyingine: ile inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Naipa siku saba ikauke, halafu siku nzima ya kulijaza maji na kuona kama linavuja. Samaki watahamia siku ya tisa. Kabla ya hapo sitaki hata kushawishiwa.

Kilichoniharibia mambo ni filta. Ile kubwa ya mkebe ilizimwa, ikabaki imefungwa na maji yake usiku kucha. Bakteria wanaokula amonia (sumu inayotokana na taka za samaki) na kuigeuza nitriti, nayo pia ni sumu, hawaelei kwenye maji. Wamejishika kwenye sponji na vijiwe, na wanahitaji oksijeni kama samaki wenyewe. Asubuhi mkebe ulipofunguliwa ulitoa harufu ya mayai viza, nikajua humo hamna cha kuokoa. Imebaki sponji moja ya filta ya hewa, ukubwa wa ngumi, ambayo haikukosa mapovu hata kwa dakika kumi. Sasa ndiyo inayobeba mzigo wa filta mbili.

Vipimo vya leo asubuhi, kwa miligramu kwa lita: amonia 1.0, nitriti 0.5. pH (kipimo cha uchachu wa maji; ikishuka, uchachu umezidi) ni 6.8, na KH (kiasi cha kaboneti, inayozuia pH isiyumbe) inabadilika rangi kwenye tone la tatu, kila tone likiwa kipimo kimoja. Maji ya bomba yaliyokwisha kupigwa hewa yana pH 7.8 na KH 5. Maji ya tangi la zamani yalikuwa yamechoka, KH 1 na pH 6.4, kosa la kubadilisha maji kidogo mno kwa muda mrefu. Kwa kuogopa kuwashtua samaki nimekuwa nikibadilisha lita 6 tu kila siku, yaani asilimia 10. Chakula wamepata mara moja, siku ya tatu, ukubwa wa punje mbili za mchele.

Sasa hapa ndipo hesabu inaponipiga chenga. Kipimo cha dukani husoma amonia yote kwa jumla, lakini inayochoma matamvua ni amonia huru tu, na kiasi chake hutegemea pH. Kwa nyuzi 25, pH 6.8, ni kama asilimia 0.35 ya jumla. Kwenye pH 7.8 ni asilimia 3.4. Kwa hiyo 1.0 yangu ya leo ina amonia huru kama 0.0035, chini sana ya ile 0.02 ambayo wengi tunaihofia. Nimechanganya nusu kwa nusu maji ya beseni na ya bomba kwenye jagi, nikayapiga hewa saa moja: pH ikasoma 7.3.

Amonia inaongezeka kama 0.3 kwa siku. Nikiendelea na asilimia 10, jumla itafika karibu 1.8 siku ya tisa, lakini pH itakuwa kwenye 7.0, na amonia huru kama 0.010. Nikibadilisha nusu kila siku, jumla itashuka na kutulia karibu 0.6, ila pH itapanda hadi 7.6 hivi, na amonia huru itakuwa kama 0.013. Yaani kwa amonia peke yake, njia ya uvivu inashinda kidogo! Ndiyo maana siiamini.

Maana nitriti haina huruma hiyo ya pH, ikipanda imepanda. Kwa sasa nimetia gramu 6 za chumvi ya mawe kwenye beseni zima, yaani gramu 0.1 kwa lita. Kloridi ndiyo inayoizuia nitriti kupenya kwenye matamvua, na kwa nitriti 0.5 kiasi hicho kinatosha. Sioni haja ya kijiko kizima wanachoshauri wengi, hasa kwa koridorasi. Na hao koridorasi ndio ninaowatazama. Gurami huvuta hewa ya juu hata maji yakiwa safi, hivyo haniambii kitu. Koridorasi mmoja kupanda juu mara moja moja ni kawaida. Jana jioni walikuwa wakipanda kwa zamu, kama kila dakika, na matamvua yakipiga haraka. Niliposogeza jiwe la hewa karibu na sponji wakatulia.

Jambo jingine: maji yetu yana kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), ambayo haitoki kwa kuyaacha kwenye ndoo usiku. Thaiosalfeti ya sodiamu, dawa ya kuondoa klorini, inaivunja lakini inaacha amonia yake majini, hivyo kila nikibadilisha nusu naingiza amonia nyingine. Dawa inayoifunga amonia ninayo, ila nguvu yake ni ya siku moja au mbili, na kipimo huendelea kuisoma kana kwamba haijafungwa.

Naomba basi mnisaidie haya.

Kwanza, nihamie kwenye nusu moja kwa moja kwa kuwa nitriti inapanda, au nipande kwa hatua, lita 12 leo, 18 kesho, hadi pH ikaribie ile ya tangi jipya? Siku ya kuhama sitaki kuwadondoshea maji mapya ndani ya maji yenye amonia, kwani pH itapanda wakiwa bado wamo humo.

Pili, vijiwe vipya vya filta nimevitia kwenye mfuko wa wavu chini ya ile sponji. Kuna aliyewahi kuona vikishika bakteria wa maana ndani ya siku tano? Au nivione kama mapambo tu, na sponji ihamie nzima pamoja na samaki?

Tatu, kilo 10 za changarawe ya zamani zimekaa ndooni na maji bila mapovu tangu siku ya kwanza. Nazihesabu zimekufa. Anayejua namna ya kuzirudisha bila kumwaga uchafu wake wote kwenye tangi jipya anijulishe; la sivyo tangi litaanza na sakafu tupu.

Wenu msomaji, mwenye beseni sebuleni.