Barua ya wazi kwa vijana wakulima wa korosho, Newala

Wanangu, salamu.

Korosho zikianza kuanguka tu, maneno nayo huanza: "Mwaka huu chama cha ushirika hakilipi." Usiku huohuo pikipiki ya mtu wa kangomba, yule anayenunua kwa magendo nje ya chama na kupima kwa bakuli, inaingia uani, bakuli limo kwenye kiroba, na korosho zinaondoka bila kuona mzani. Kisha mnaitwa wenye tamaa. Lawama hiyo siikubali.

Mwanasosholojia wa Marekani, Robert Merton, aliandika mwaka 1948 juu ya utabiri unaojitimiza wenyewe. Mfano wake ni benki iliyokuwa salama kabisa. Ukavuma uvumi kwamba imefilisika, wateja wakakimbilia kutoa fedha zao kwa pamoja, na benki ikafa kweli. Ndivyo ilivyo hapa kwetu. Mzigo ukiishia kangomba, ushuru wa chama unapungua, magari na karani hawalipiki, mambo yanakwama, na yule mvumishaji anatembea kifua mbele: "Si niliwaambia?"

Mwingine, Mark Granovetter, alieleza mwaka 1978 kwamba kila mtu ana kiwango chake. Huyu akiona jirani mmoja ameuza, naye anauza; yule hungoja aone kumi; wa tatu hungoja nusu ya kijiji. Kwa hiyo kijiji kizima kinaweza kuuza kangomba ilhali wengi walitaka mzani. Tazameni basi walioanza ni akina nani. Mara nyingi ni mama mwenye mgonjwa ndani, au baba aliyechukua fedha ya kangomba mikorosho ikiwa bado ina maua. Hao wamebanwa, na mahubiri hayawafungui.

Marekani ilipoanzisha bima ya amana mwaka 1933, yaani dhamana ya fedha ambazo watu wameweka benki, kwa kiasi kikubwa watu waliacha kukimbilia benki kwa hofu. Hawakuwa wamegeuka majasiri. Walijua fedha yao haipotei.

Nasi tudai utaratibu. Kila baada ya mnada wa korosho za chama, karatasi yenye kilo, bei, makato na siku ya malipo ibandikwe ukutani ghalani, na isomwe kwa sauti kwa wasiojua kusoma. Pili, uwepo mfuko mdogo wa kukopeshana kabla ya msimu, kwa wale waliobanwa.

Hoja hizi mbili ziandikwe kwenye ajenda ya mkutano mkuu mapema. Msingoje "mengineyo", yakifika hayo, nusu ya wanachama wameshaondoka.

Mzee wenu,
Newala