Minyoo ya tangini: nyonya kwanza, dawa baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenzangu wa Dar tunaofuga samaki wa maji chumvi na matumbawe majumbani, maana naona watu wanarudia kosa nililolifanya mimi na inaniuma sana.

Kwangu ilianza na vidoa rangi ya kutu kwenye mawe, vidogo hata nusu sentimita havifiki, nikadhani mwani. Baadae vikajaa mpaka juu ya matumbawe, yakakosa mwanga yakawa hayafunguki tena. Kumbe minyoo bapa! Hawa wana mwani hai ndani ya miili yao ndio maana wanapenda penye taa, na wanaweza kuzaana kwa kuchipua, mmoja anatoa watoto mwilini bila mwenza, yani akiingia mmoja na kipande cha tumbawe ulichonunua umeshaingiza ukoo mzima.

Nikatia dawa, levamisoli, jamii ile ile ya dawa ya minyoo ya mbuzi. Wakafa kweli, dakika chache tu wanaelea. Asubuhi naamka samaki wangu wote wanne wamekufa. Nililaumu dawa kumbe sio, minyoo wakifa wengi kwa mpigo wanaachia sumu yao majini na hiyo ndio inayoua samaki.

Kwahiyo jamani msianze na dawa. Chukua mpira mwembamba, taa zikiwaka uwaone vizuri, nyonya minyoo siku hadi siku mpaka wabaki wachache kabisa. Hapo ndo utie dawa kwa kipimo kilichoandikwa, na kabla hujatia uwe na maji ya chumvi ya kubadilishia yako tayari, na mkaa wa kuchujia sumu nao uwe tayari, sio uanze kuutafuta mjini samaki wanahema juujuu. Baada ya siku chache rudia, kuna wanaobaki kwenye mashimo ya mawe.

Maji uliyonyonya usiyamwage kwenye mtaro wa kwenda baharini, visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni hifadhi tangu 1975 na hatujui tunawapelekea nini viumbe wa huko. Mimi minyoo nawatia kwenye ndoo ya maji ya bomba, maji yasiyo na chumvi yanawaua, halafu namwaga chooni.

Na nyie mnaotuuzia matumbawe, mkiona minyoo kwenye matangi yenu tuambieni kabla hatujalipa.

Mfugaji samaki,
Mbezi Beach, Dar es Salaam