Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu: daini vipimo vya tezi

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Salaam kutoka Iringa. Mimi ni bibi shamba kwa wakulima wa nyanya. Mvua zikikolea, swali lao kwangu ni moja: nipige dawa gani kuzuia bakajani, ugonjwa unaokausha majani? Dukani mara nyingi hupewa yenye mankozebu, kemikali ya kuua ukungu. Bei yake wanaimudu, na mvua ikiiosha wanabeba bomba mgongoni na kurudia.

Mankozebu ikivunjika hutoa kemikali iitwayo ETU. Hiyo hukizuia kimeng'enya ambacho tezi ya shingo hukitumia kutengeneza homoni kutokana na madini joto. Moto nao huongeza tatizo, kwani masalia yaliyobaki kwenye nyanya isiyooshwa vizuri hugeuka ETU yakipikwa. Na sisi nyanya tunaipika karibu kila siku.

Ninayemhofia kuliko wote ni mtoto aliye tumboni. Miezi mitatu ya mwanzo tezi yake haijaanza kazi, ubongo wake unategemea homoni za mama. Nyanda za Juu Kusini tuliugua sana rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, kwa upungufu wa madini joto, ndiyo maana chumvi ikaanza kuwekewa madini hayo kwa sheria miaka ya 1990. Mama ambaye bado anayapata kwa shida, kemikali ya namna hii inamwumiza mara mbili.

Umoja wa Ulaya ulikataa kuhuisha idhini ya mankozebu Desemba 2020, na uvurugaji wa homoni ulikuwa miongoni mwa sababu.

Vipimo vyenyewe vipo. Mwongozo namba 231 wa OECD (shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, linalotoa pia miongozo ya kupima kemikali), wa mwaka 2009, huweka viluwiluwi siku 21 katika maji yenye kemikali inayochunguzwa. Kiluwiluwi hawi chura bila homoni ya tezi, kwa hiyo miguu ya nyuma ikichelewa kukua, au tezi ikionekana imebadilika chini ya hadubini, hapo pana jambo. Mwongozo namba 443 hupima homoni hizo kwa panya wazazi na watoto wao. Utaambiwa tezi ya panya huathirika upesi kuliko yetu. Ni kweli kwa kemikali zinazolifanya ini liondoe homoni haraka, lakini kimeng'enya kinachozuiwa na ETU hata binadamu tunacho. Hoja hiyo usiipokee bila ushahidi.

Sikuombi ujenge maabara. Naomba kila anayesajili au kuhuisha kiuatilifu alete ripoti kamili za vipimo vya tezi, siyo muhtasari. Ulaya imekuwa ikitumia vigezo vya kutambua viuatilifu vinavyovuruga homoni tangu 2018, kwa hiyo mwenye ripoti alizopeleka huko alete nakala. Asiye nazo apewe muda, na muda ukiisha usajili wake usitishwe. Anza na mankozebu, kisha chapisha matokeo kwa Kiswahili.

Mkulima naye asiachwe mikono mitupu. Bakajani inamaliza shamba zima kwa siku chache, na mwenye mkopo hawezi kungoja. Kabla dawa haijaondolewa, Mamlaka ishirikiane na watafiti wa mbegu ili aina zinazostahimili ugonjwa zifike vijijini kwa bei anayoiweza, nasi maofisa ugani tupewe mafunzo ya kuzisimamia. Nitashukuru ukijibu hadharani kabla ya msimu ujao wa kupiga dawa.

Wako katika kazi,
Bibi shamba, Iringa